Matusi Niliyomfundisha Mama

Juzi nilikuwa sokoni Kajiado nikichagua viazi, na mwanamke mmoja nyuma yangu akafungua kibuyu chake ili mteja aonje maziwa. Harufu ya oloirien iliyoungua ikanifikia kabla sijageuka. Oloirien ni mti mgumu. Wanawake wa kwetu Umaasaini huwasha kijiti chake, wakakisugua ndani ya kibuyu kingali na kaa la moto, ndipo maziwa yapate ile ladha ya moshi na yasiharibike haraka. Nilisimama pale na kiazi mkononi, macho yamenijaa maji. Mwenye viazi akaniuliza, "Madam, unanunua ama unaombea?" Nikacheka, nikanunua vingi kuliko nilivyohitaji. Mama yangu ndiye aliyekuwa amenijia, na hatuko naye tena.

Ninafundisha Kiswahili. Wanafunzi wangu hudhani nilizaliwa nikikijua, nami huwaacha wadhani hivyo kwa sababu inasaidia nidhamu. Ukweli ni kwamba nilikiokota Kitengela, kwenye foleni ya maji, na sehemu kubwa ya nilichookota ilikuwa matusi. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa, nikiwa bado msichana wa magoti yenye vumbi, alikuwa yeye mama.

Boma letu lilikuwa nje ya Kitengela, upande ambao siku hizo nyumbu walikuwa bado wanapita asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa. Mama aliuza maziwa mjini pamoja na mke wa kaka mkubwa wa baba. Nilikaa na wanawake hao wawili maisha yangu yote ya utotoni na sikuwahi kuwasikia wakiitana kwa majina. Waliitana Paker, yeye kwa yeye. Mama alipoletwa kwetu kama bibi harusi alisimama langoni, kama desturi inavyotaka, akakataa kuingia mpaka aahidiwe mnyama. Yule shemeji yake akatoka, akampa kondoo. Kuanzia siku hiyo jina la kila mmoja likawa ile zawadi iliyopita kati yao, na Paker ndilo jina la waliopeana kondoo. Nilipokuwa mdogo nilidhani wote wawili walizaliwa wakiitwa hivyo, nikaona ni ajabu kidogo lakini si neno.

Maziwa kwetu ni mali ya wanawake. Baba alikuwa na ng'ombe, ila kilichotoka kiweleni hakukigusa wala hakukiuliza. Alikuwa amesema wazi, bila ubaya wowote, kwamba hatauza ndama kwa ajili ya kalamu ya msichana. Kama mama anataka nisome, basi anisomeshe kwa kilicho chake. Mama akakubali bila kelele. Kila asubuhi nilimfuata hadi mjini, yeye na mtungi wa maziwa mgongoni, mimi na mkoba wangu, na nilijua tangu mapema kwamba siku mtungi ule utakaporudi nyumbani na maziwa ndani, nami nitarudi nyumbani na mkoba, nisiende shule tena.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Safia, mwanamke wa Kisomali mwenye hoteli ya chai karibu na steji. Watu wengine wa mji walilalamika kwamba maziwa yetu yananuka moshi. Mama Safia aliyanusa mara ya kwanza, akafumba macho, akasema kwao Wajir pia vyombo vya maziwa hufukizwa, na tangu alipohamia huku hajapata chai yenye ladha ya nyumbani. Akawa anachukua yote ya mama kwanza. Ya Paker aliyachukua pale tu ya mama yalipopungua.

Shule yangu ilipakana na ploti za kupangisha, na katikati ya ploti hizo kulikuwa na mfereji mmoja wa maji. Viwanda vya Athi River vilikuwa vimevuta watu kutoka kila kona ya nchi, wote walihitaji maji, na maji yalitoka yalipopenda. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu. Baada ya shule nilikuwa nikikaa kwenye jiwe, nikijifanya nafunga kiatu, nikiwasikiliza akina mama wakigombania zamu. Nyumbani kwetu watu wazima walipokasirika walinyamaza au waliondoka. Hapa walibaki, wakaweka mikono kiunoni, wakasema. Nilishangaa kwamba lugha moja ingeweza kuwa na aina nyingi hivyo za kumuumiza mtu.

Tusi lenyewe lilikuwa la kawaida, mtu aliokota lililokuwa karibu na kulirusha. Akutukanaye hakuchagulii tusi, alisema mama mmoja wa Kikamba siku aliyoitwa ngiri, akaendelea kujaza mtungi wake. Kejeli ilikuja na tabasamu. "Wacheni madam apite, ameacha dereva akimngoja," walimwambia mwanamke aliyekuja na toroli lisilo na gurudumu. Kijembe kilitupwa hewani bila jina la mtu, na aliyeinua kichwa ndiye aliyekuwa mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja wa Pwani, na yeye ndiye aliyenionyesha kusuta. Alimpeleka jirani yake mbele ya wenzake wote, akamwambia arudie pale pale aliyoyasema juu yake chumbani. Na kulikuwa na masimango, ambayo mgeni hawezi kukufanyia hata akitaka, kwa maana ni lazima kwanza awe amewahi kukusaidia. "Si mimi nilikupa unga ile siku watoto wako walilala njaa?" Hapo hata wale waliokuwa wakicheka walitazama chini. Laana sikuisikia hata mara moja. Kuna jambo hata wagomvi wa mfereji waliliogopa.

Nilizihifadhi zote kichwani. Nilikuwa tajiri, na sikuwa na mahali pa kutumia utajiri huo.

Kisha yakaanza maneno kwamba maziwa ya mama yametiwa maji. Mteja wa kwanza kuacha alikuwa mwalimu mmoja. Wa pili akawa fundi cherehani. Yule fundi hakuficha. Aliniambia mimi mwenyewe, akipima nguo ya mtu, "Si ni yule mwenzake anasema. Anatembea naye kila siku, anajua." Mwenzake alikuwa Paker.

Nilimwambia mama jioni hiyo. Alikuwa ameketi chini akisugua kibuyu, moshi wa oloirien umejaa nyumba. Akasema, "Nimesikia." Akaendelea kusugua. Kesho yake akatembea na Paker kama kawaida, wakizungumza habari za ndama mwenye jicho bovu. Mteja mwingine alipomkataa mlangoni, mama alisema, "Sawa. Asante," akaondoka.

Sasa nieleweni. Kiswahili cha mama kilikuwa cha maneno machache. "Maziwa iko. Ya leo. Muzuri." Watu walimcheka, naye alicheka nao. Kwa akili yangu ya utoto nikaona kila kitu waziwazi: mama anaonewa kwa sababu hana silaha. Amesimama katikati ya mji wa Waswahili akipigwa kwa maneno, na hana lake hata moja la kurudisha. Mimi ninayo mengi. Basi nikaamua kumfundisha.

Tulianza jioni iyo hiyo.

"Yeiyo," nikamwita mama kwa Kimaa, "sema: mshenzi."

"Mushenzi," akasema. "Hiyo ni nani?"

"Ni mtu hana adabu."

"Na nikimwita hivyo, atapata adabu?"

Nikafikiri. "Hapana. Lakini ataskia vibaya."

"Haya. Lete ingine."

Nikampa mnafiki. Nikampa mwongo, fisi, domo kaya, na kaburi lililopakwa chokaa, ambalo nililipenda sana kwa urefu wake. Alirudia kila moja taratibu, mkono haukuacha kibuyu. Lakini hakuwa mwanafunzi wa kumeza tu. Kila neno aliligeuzageuza kwanza, kama mtu anavyokagua mbuzi wa kununua. Hii anaambiwa mtu mkubwa ama rika yako? Inasemwa mbele ya watoto wake? Ukishasema, unaweza kuirudisha? Nilipomweleza kijembe, alisema huo ni uoga. Nilipomweleza kejeli, alicheka mpaka akakohoa, akasema hiyo angeweza kuipenda.

Kisha nikafika kwenye masimango. Nilimweleza kwa ule mfano wa unga. Akaweka kibuyu chini.

"Yaani kama Paker angenikumbusha ile kondoo alinipa. Kila tukikosana, ananiambia kondoo, kondoo."

"Ndiyo, yeiyo! Hiyo ndiyo masimango!"

"Hiyo hajawahi fanya," akasema mama. "Hata sasa. Nataka ujue hivyo."

Niliudhika. Nilitaka awe na hasira, na yeye alikuwa akimtetea adui. Nikamwambia akalale, masomo yamekwisha, naye akasema "Ndiyo, mwalimu," kwa heshima zote. Hata hivyo nilimwona midomo yake ikicheza alipokuwa akifunika moto. Alikuwa akirudia.

Habari zilimfikia Mama Safia. Yeye hakuacha kununua kimya kimya kama wengine. Aliwaita wote wawili asubuhi, ndani ya hoteli, mbele ya wateja wake. Nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa njiani kwenda shule. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu. Mezani walikuwa wazee wawili wa Kimaasai wakinywa chai, na vijana wa gereji wakila mandazi. Nilijua kinachongoja. Mama Safia akisema hataki tena, mama hana pa kuyapeleka maziwa, na mimi nitakuwa nikichunga ndama kabla muhula haujaisha.

"Takwenya," Mama Safia aliwasalimu kwa Kimaa, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Wakaitikia, "Iko." Kisha akamgeukia Paker. "Mama, wewe umeambia watu maziwa ya huyu iko na maji. Mimi sipendi kuambiwa na barabara. Niambie hapa, na yeye akiwa hapa."

Paker alikuwa mwanamke mrefu, mzuri wa uso, mwenye sauti ambayo ng'ombe waliitii. Sidhani alikuwa amejiandaa. Alitazama wateja, akamtazama mama, na badala ya kujibu akawaka.

"Mimi nidanganye kwa nini? Huyu ako na nini ya kuonewa wivu?" Akamwelekea mama. "Wewe! Ulikuja kwetu na shuka moja na miguu ya vumbi! Ukasimama hapo kwa lango kama mbuzi imepotea! Nani alitoka? Si ni mimi? Si ni mimi nilikupa kondoo? Hiyo kondoo ndio ilikufanya ukawa mtu kwa hiyo boma. Bila mimi ungekuwa wapi?"

Nilijua jina la kilichotoka kinywani mwake, na nilijua mama analijua pia, maana nilimfundisha mwenyewe. Nikamsogelea, nikamvuta shuka, nikanong'ona, "Yeiyo, sema! Sema ile ya kaburi!" Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nikajua yanakuja, yote, kwa mpangilio niliompa.

Mama alimgeukia shemeji yake. Kisha akafungua mdomo, na kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwomba mtu chumvi, akasema:

"Noonkishu. Nimesikia."

Basi. Hakuongeza neno. Nilitaka kulia. Nikafikiri woga umemfuta kichwa, amesahau masomo yote na sasa anasoma majina ya watu kama mwalimu wa zamu.

Lakini mzee mmoja aliweka kikombe chake mezani bila kunywa. Mwenzake alitoa sauti ndogo puani. Na Paker, yule wa sauti ya kutiisha ng'ombe, alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

Mama Safia akawauliza wazee, "Amemwambia nini?"

"Amemwita jina yake," mzee akajibu.

"Jina tu?"

"Hao hawaitani jina. Hao ni Paker. Sasa huyu mama amerudisha kondoo." Alitikisa kichwa. "Hapo hakuna neno ingine mbele."

Mama Safia akavuta ushungi wake mbele. "Sawa," akasema. "Mimi nimeuliza juu ya maji. Yeye ananiambia juu ya kondoo. Nimepata jibu yangu. Mama, lete maziwa."

Mama akamimina maziwa kwenye sufuria kubwa hadi tone la mwisho. Nilichelewa shule siku hiyo, nikachapwa, na sikuhisi.

Jioni tulirudi nyumbani sisi wawili tu. Bado jambo lilinikera.

"Yeiyo, ulisahau?"

"Sikusahau. Zilikuwa hapa zote," akasema, akigusa koo.

"Sasa mbona hukusema hata moja?"

"Maneno yako ni muzuri, enkerai ai, mtoto wangu. Lakini hayo ni ya watu hawajuani. Huyu ananijua. Mtu akikujua, hutafuti neno mbali."

Sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba mwanafunzi wangu amenipita, na kwa mara ya kwanza nilitembea barabara ile ya Kitengela nikitaka kila mtu ajue mimi ni mtoto wa nani. Nilikuwa na fahari mpaka mgongo ulinyooka wenyewe.

Noonkishu hakuamriwa na mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikwenda mlango kwa mlango, kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, kwa wengine wote, akawaambia alichosema juu ya maziwa kilikuwa uongo. Kwa mtu wa kiburi chake, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchota maji ya mji mzima. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Nikabaki shuleni.

Lakini jina halikurudi. Kila asubuhi wanawake wale wawili walitembea pamoja, kwa sababu njia ilikuwa moja na fisi walikuwa wengi. Kila asubuhi Noonkishu alisema, "Paker, umeamkaje?" na kila asubuhi mama akajibu, "Nimeamka vizuri, Noonkishu." Hakulitia chumvi wala pilipili. Alimgawia moto pale wa mwenzake ulipozimika, alimwonyesha mwiba njiani, alimshikia mtoto. "Noonkishu, chunga hapo." "Noonkishu, kunywa chai." Mwanzoni nilifurahia, kwa ukatili wa watoto. Nilikuwa nikihesabu kila "Noonkishu" kama bao letu. Baadaye nikaanza kuona vile yule mwanamke mrefu alivyokuwa akisubiri jibu kila siku, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa mama, na vile alivyokinyoosha tena baada ya kulisikia. Ikafika mahali nikawa namwombea.

Mvua ilikuja na kwenda. Mji ulitusogelea. Nyumbu walianza kukosa njia, na pale walipokuwa wakipita pakajaa waya na mawe ya msingi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nangoja matokeo, siku niliyosikia Noonkishu akiita kutoka upande wa malisho ya ndama. "Paker! Paker, kuja!"

Tulikimbia. Gari jeupe lilikuwa limesimama katikati ya nyasi, na vijana wawili walikuwa wakigongomea vigingi ardhini. Mwenye gari alikuwa broka wa mashamba, amevaa miwani ya jua na viatu vilivyochongoka. Alikuwa akimwambia Noonkishu kwamba mzee wa boma amekubali kuuza, kwamba wanawake waende wakapike, mambo haya ni ya wanaume. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, na nilijua hajauza hata unyasi mmoja. Noonkishu alikuwa amesimama mbele ya kigingi, mikono imenyooshwa, akitafuta maneno. Kiswahili kilikuwa kimemkimbia kwa hasira.

Mama alipita mbele yake. Akamtazama yule mtu kuanzia viatu hadi miwani.

"Wewe," akasema, "nakujua?"

"Hapana, mama, hatujuani, lakini sikiza..."

"Hatujuani," akarudia mama, na naapa niliona furaha ikimpanda usoni. Akavuta pumzi. "Wewe ni mushenzi."

Yule mtu alitoa miwani.

"Wewe ni munafiki. Wewe ni muongo, na hiyo uongo yako iko na miguu mfupi. Wewe ni fisi ya mchana. Wewe ni domo kaya! Wewe ni kaburi," akanigeukia kidogo, nikamwitikia kwa kichwa, "kaburi imepakwa chokaa! Wacheni mkubwa apite, jamani, ameacha mandege ikimngoja!"

Alisema yote. Hakuruka hata moja, na ile kejeli ya mwisho aliibadilisha mwenyewe. Vijana wa vigingi walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Nimewahi kupata wanafunzi waliotuzwa na wakubwa, lakini fahari kama ile ya siku hiyo sijaipata tena. Broka alirudi nyuma, akiwaita vijana wake wapakie vigingi, akafungua mlango wa gari.

Mama alikuwa anahema. Alijipangusa paji la uso, akamgeukia mwanamke aliyekuwa amesimama kando yake.

"Paker," akasema, "nimeacha ingine?"

Noonkishu akajifuta macho kwa pembe ya shuka, mara moja, kwa nguvu. Kisha akapiga hatua kuelekea gari.

"Ameacha moja," akamwambia yule mtu, na akaisema.